Nilivyoupamba ukame wa kwetu mpaka Mheshimiwa akauita bustani

Wakuu wa jukwaa, salamu kwenu nyote. Walionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kukomenti tangu mwaka juzi, nawaona pia.

Leo nina kisa changu mwenyewe. Sijasimuliwa na jirani wala sijakiokota WhatsApp. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika maiki, na kwa bahati mbaya mimi ndiye niliyeharibu. Nikiongeza chumvi, mamangu yuko hai na ana simu, atanirekebisha hapa chini.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtu wa mapambo hapa Voi mjini. Hema, viti, vitambaa, maua, kapeti jekundu, na mkinibembeleza kidogo nakuwa MC pia. Harusi, matanga, graduation ya chekechea, zote nimefanya.

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kitu kibaya nikakiacha kilivyo. Ukuta ukiwa na ufa, naufunika kwa kitambaa. Bwana harusi akiwa na sura ya mtu aliyeburutwa, namsogeza nyuma ya maua. Ukifikiria vizuri, kazi yangu ni kuficha. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Kwetu hasa ni Mbololo, upande wa chini, ule unaopakana na mbuga. Pale kwetu kuna silanga.

Kwa msiojua, silanga ni bwawa la kuchimba, shimo pana lenye ukuta wa udongo, mvua ikinyesha linanasa maji, na watu na mifugo wanakunywa miezi mingi. Letu lilichimbwa kabla sijazaliwa. Nilijifunza kuogelea humo, na nilichapwa humo kwa kuogelea.

Miaka michache iliyopita, mvua ya msimu mzima ilishuka kwa siku mbili. Ikabomoa ukuta, ikajaza matope shimo lote, ikaenda zake. Tangu siku hiyo mawingu yanapita juu yetu kama magari ya Mombasa, hayasimami. Silanga likakauka, matope yakawa magumu, na vijana wakaweka magoli pande zote mbili. Nawaambia, mechi za pale hazijawahi kuahirishwa kwa sababu ya mvua.

Mama alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wamebaki wanne.

Tangi la plastiki nilimnunulia, ndovu wakalipasua wakitafuta maji. Siwalaumu sana ndovu, na wao wana kiu. Ila walipasua tangi la Mama wakaacha la naibu wa chifu, jambo ambalo Mama hajawasamehe, wote wawili.

Kwa hiyo Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye kioski cha maji na mitungi, anarudi saa nne. Akishawanywesha ng'ombe, kinachobaki ndicho cha kupika. Kinachobaki tena ndicho cha kuoga, na mara nyingi hakibaki.

Akaniambia waziwazi: silanga lisipotengenezwa kabla ya mvua zijazo, atawauza wale wanne wa mwisho na kuhamia kwa dadangu Mwatate. Wakuu, hamumjui mamangu. Tangu nimjue ameamka kwa ajili ya ng'ombe. Mama bila ng'ombe, ndani ya nyumba ya kupanga Mwatate, atampangia dadangu vyombo, watoto na mume mpaka dadangu ndiye ahame. Na kusema ukweli bila mzaha, niliogopa. Niliona kama atazimika polepole huko.

Sasa ndipo habari ikaja.

Naibu wa chifu aliita baraza. Akasema kuna mkubwa wa kitaifa anakuja. Jina sitaji, na cheo chake ni kirefu, kina neno mazingira mbele na tabianchi nyuma. Anazunguka sehemu zilizoumizwa na ukame, anakaa dakika arobaini kila mahali, anapanda mti, anaangalia, kisha anaamua matingatinga ya kuchimba masilanga yaende wapi. Hayatoshi kwenda kila mahali.

Yaani alikuwa anakuja kuona shida. Hiyo tu. Tungemwonyesha shida angetupa tingatinga.

Sasa niambieni, ni watu gani duniani wataambiwa mgeni anakuja kuona vumbi, halafu wamwage maji vumbi lisimguse?

Ni sisi.

Naibu wa chifu ndiye aliyeanza. "Mgeni wa serikali hawezi kukanyaga vumbi," akasema. "Hiyo ni protocol. Vumbi likipanda kwa suti yake, ni mimi nitaandikiwa barua." Akanigeukia. "Wewe si ni mtu wa mapambo? Ni kwenu. Tusaidie."

Wakuu, hapo mngenimwagia maji ya baridi kama mngekuwa nayo. Moyo wangu ulijaa. Kijana wa nyumbani ameitwa mbele ya baraza zima, wazee wamegeuka kumwangalia. Nikasema nitafanya, na nitafanya bure. Nikasema pia, kwa mdomo wangu huu, kwamba Mheshimiwa hatasahau.

Nilianza kidogo. Hema, viti, kapeti. Halafu tukamwaga maji chini kuzuia vumbi. Halafu nikaona pale palipolowa pamekuwa peusi, na peusi hapapendezi kwenye picha. Nina rafiki anayetunza bustani ya hoteli moja, walikuwa wanabadilisha nyasi zao. Akanipa zile za zamani, zikiwa bado na mizizi na udongo. Nikazipakia kwenye pickup, nikazitandika mbele ya hema.

Zikakubali. Lakini nyasi za hoteli zimezoea maisha ya hoteli, zilitaka kunywa asubuhi na jioni.

Naibu wa chifu akatoa amri: kila boma, mtungi mmoja kwa siku, mpaka Mheshimiwa aje.

Na watu walileta! Kwa siku kumi na mbili, watu ambao hawajaoga vizuri walibeba maji kutoka kioski wakaenda kunywesha nyasi. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mgeni ni mgeni. Tukaweka zamu ya kulinda nyasi dhidi ya mbuzi. Mbuzi walikuwa wanasimama nje ya kamba wanaangalia tu, kama watu waliokosa kadi ya harusi.

Nikapaka mawe chokaa, mistari miwili kutoka barabarani. Nikapaka na vigogo vya miti. Miti yenyewe ilikuwa imekufa, lakini sasa ilikuwa imekufa kwa unadhifu.

Bi Saumu ndiye peke yake aliyenionya. Huyu ni mama wa Kiislamu wa hapa Voi, asili yake Pwani, anapika pilau kwenye shughuli zangu zote. Alikuja kuona jiko litakaa wapi. Akaangalia nyasi, akaangalia maua, akaniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema, "mgeni yuaja kutazama nini?"

"Ukame, Bi Saumu."

"Na uko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwamwita daktari, halafu mgonjwa mwampaka poda na wanja. Haya. Mie nitapika pilau yangu nende zangu."

Nikajiambia huyu mama haelewi kazi ya mapambo.

Halafu nikafanya kosa langu kubwa. Nyuma ya meza kuu ndipo lilipokuwa silanga lenyewe, lile shimo kavu lenye magoli. Nikaangalia kupitia simu, nikaona picha zote zitatoka na shimo baya nyuma ya kichwa cha Mheshimiwa. Ugonjwa wangu ukapanda. Nikasimamisha fremu ndefu, nikaning'iniza pazia la kijani na jeupe kutoka pembe hadi pembe, na maua ya plastiki juu yake. Silanga likapotea kabisa.

Lilikuwa pazia zuri, wakuu. Picha ninayo, anayetaka aniambie.

Jioni hiyo naibu wa chifu akapita kukagua. Akauliza swali moja tu: "Na hawa ng'ombe?" Ng'ombe wa Mama walikuwa wanapita na mbavu zao. Akasema ni aibu. Ikaamuliwa kwamba siku yenyewe Mzee Kilonzo, jirani yetu mwenye roho safi kabisa, awachukue ng'ombe wote waliokonda awapeleke nyuma ya kilima wasionekane.

Mama aliniangalia tu. Akasema, "Mwakio, hawa ng'ombe ndio barua yangu. Sasa mnaificha?"

Nikamwambia Mama, subiri uone.

Samahani wakuu, nilikatizwa, mteja alikuja kuulizia viti. Tuendelee.

Siku yenyewe. Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Kwaya ikaimba nyimbo zake zote, ikarudia. Wakubwa wadogo waliotangulia wakanywa maji yote ya chupa ya meza kuu wakisubiri mkubwa mkubwa. Jua lilikuwa linatutafuta mmoja mmoja.

Saa tano na nusu nikaona kona moja ya nyasi imeanza kugeuka rangi. Nikatafuta maji, mitungi yote mikavu. Nikaona birika la kunawa mikono, lile nililolifunga utepe kwa ajili ya Mheshimiwa, na mtungi wake wa akiba chini ya meza. Nikamwaga vyote kwenye ile kona.

Nikajiambia nitajaza baadaye. Kwa maji gani, sijui.

Saa sita na nusu ving'ora vikasikika. Magari nikayaelekeza yaegeshwe kule mbali kando ya barabara, yasije yakakanyaga nyasi. Mheshimiwa akaja kwa miguu kati ya mawe yangu meupe, akafika kwenye kijani, akasimama. Akavuta pumzi.

"Wah!" akasema. "Hapa ni pazuri!"

Nikavimba. Naibu wa chifu akavimba zaidi, kofia ikapanda kichwani.

Hotuba ikaanza, mimi MC pembeni na maiki yangu. Mheshimiwa alikuwa mtu mchangamfu, lazima niseme. "Ndugu zangu," akasema, "nimetoka sehemu zingine nimeona mizoga kwa barabara. Nimeona wamama wanalia. Lakini hapa! Nyasi. Maua. Watu wametulia. Hii ndiyo tunaita resilience, ustahimilivu!"

"Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa!" nikasema. Watu wakapiga, pa pa pa, kama nilivyowafundisha.

"Mimi niko na tingatinga mbili peke yake. Kusema ukweli, lazima ziende kwa wale wanaumia zaidi. Nyinyi mmejipanga. Nyinyi ni mfano!"

Na mimi, wakuu, kwa mazoea tu, mdomo ukatangulia akili. "Makofi tena ya kilo!"

Watu wakapiga makofi. Tulipigia makofi kuondoka kwa silanga letu. Naibu wa chifu alipiga mpaka akasimama. Ilikuwa katikati ya pa la pili na pa la tatu ndipo nilipoelewa maneno yaliyosemwa. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa ameketi mstari wa tatu, mikono magotini, hakupiga hata moja.

Ratiba ilisema kupanda mti, nikatangaza kupanda mti.

Mpiga picha wao akataka Mheshimiwa ashike udongo kwa mikono, inaonekana vizuri. Shimo la mche tulikuwa tumelilowesha tangu alfajiri, kwa hiyo ulikuwa udongo mzito wa tope. Mheshimiwa akazama mpaka vifundo vya mikono. Akauweka mche, akaushindilia, akasimama na mikono mbele yake kama daktari wa upasuaji.

"Haya," akasema, "maji ya kunawa."

Nikachukua birika lenye utepe. Nikainamisha. Likatoka tone moja. Nikalitikisa, likatoka sauti.

Nikamwangalia naibu wa chifu. Naibu wa chifu akaangalia maboma. Kila boma lilikuwa limeshaleta mtungi wake, hakuna nyumba iliyokuwa na maji. Msaidizi wa Mheshimiwa akakimbia kuleta chupa kwenye magari, na magari, mnakumbuka, nilikuwa nimeyaweka mbali.

Mheshimiwa amenyoosha mikono. Kamera inarekodi.

Hapo ndipo Mzee Kilonzo alipotokea.

Sasa msimlaumu Mzee Kilonzo. Na yeye alitaka kumwona mkubwa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, akaacha ng'ombe nyuma ya kilima, akaja kuchungulia kidogo tu. Alisahau jambo moja: yeye ndiye huwapelekea ng'ombe wa Mama maganda na mabua wakati Mama yuko kioskini. Akitembea, wanamfuata. Akatokea pembeni ya hema taratibu, amevua kofia kwa heshima, na nyuma yake ng'ombe wanne kwenye mstari.

Ng'ombe wakaona nyasi.

Sijui niwaelezeje. Hawakukimbia, hawakuwa na nguvu ya kukimbia. Waliingia tu kwenye kapeti, wakapita wakubwa, wakainamisha vichwa. Watu wa kwaya wakarudi nyuma. Mlinzi mmoja wa Mheshimiwa akapeleka mkono kiunoni, akaona anayemkabili ni ng'ombe, akaurudisha. Na yule anayeitwa Maua, kipenzi cha Mama, akaenda moja kwa moja kwenye mche wa Mheshimiwa, akaung'oa, akautafuna na mizizi yake, huku anamwangalia usoni.

Mheshimiwa akaangua kicheko. Sote tukacheka, kwa kuwa amecheka.

Halafu akaacha kucheka. Maua alikuwa karibu naye sana, unaweza kuhesabu mbavu bila kusogea. Akauliza, "Hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ni yangu, Mheshimiwa." Mama alikuwa ameshasimama.

"Na mbona imekonda hivi, mama, na nyasi iko?"

"Hii nyasi ilikuja juzi na pickup," Mama akasema. "Ng'ombe hawajawahi kuionja. Wanafukuzwa."

Mheshimiwa akaangalia mikono yake, tope limeanza kukauka. "Na maji, mama? Kweli hakuna hata ya kunawa?"

"Maji iko, Mheshimiwa. Hiyo maji unatafuta, umeisimamia."

Akaangalia chini.

"Siku kumi na mbili," Mama akaendelea, "kila nyumba mtungi mmoja. Mimi mara ya mwisho kuoga sikumbuki vizuri. Tulimwaga hapo ndio usikanyage vumbi."

Naibu wa chifu akakohoa, akasogea mbele. "Mheshimiwa, utusamehe, mama ni mzee. Jua limempiga."

"Ndiyo, limenipiga," Mama akasema. "Si ndiyo hiyo amekuja kuona?"

Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote na kamera yao. Sauti yake haikupanda. "Mwakio. Toa hilo pazia."

Wakuu, nitakuwa mkweli kama nilivyoahidi. Sikulitoa mara moja. Asubuhi ile mtu mmoja wa Mheshimiwa alikuwa ameomba namba yangu, akasema wana shughuli kubwa Nairobi na amependa kazi yangu. Nilikuwa nimeshajiona huko. Na nilijua nikilitoa pazia, kila mtu ataona nilichoficha na nani aliyekificha. Nikasimama pale na birika tupu mkononi, naona haya mpaka masikio yanawaka.

Nikalivuta.

Pini zikaachia moja moja, pazia likashuka polepole na maua yake ya plastiki. Nyuma yake, silanga. Matope yaliyopasuka, yale magoli mawili, ukuta uliobomoka, na mbwa mmoja amelala katikati ya uwanja.

Mheshimiwa akapita katikati ya ng'ombe, akashuka silangani na viatu vyake vizuri. Vumbi likapanda kwa suti yake mpaka magotini. Naibu wa chifu akafumba macho. Mama akashuka nyuma yake, na mimi nyuma ya Mama, kwa sababu ningekaa wapi tena?

Pale katikati Mama akazungumza naye. Hakuhutubia, alizungumza tu. Akamwambia alipokuwa msichana, mvua ilikuwa na adabu, inakuja wakati wake, inakaa, inaondoka. Siku hizi inakuja kama mtu mwenye hasira, inabomoa, halafu haionekani tena. Akamwambia mifugo wamepunguza, miti wamepanda, mawe ya kuzuia mmomonyoko wamepanga, kila semina waliyoitwa wameenda.

Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo ninalo kichwani.

"Sisi hapa hatuna kiwanda. Gari iko moja, na haiwaki. Hii joto si sisi tumepika. Sasa mimi nikipiga kelele, sauti yangu inafika Voi, ikipita sana Voi imechoka. Wewe unaitwa huko kwa mikutano ya wakubwa wa dunia, unapewa kiti na maiki. Ukifika huko usiwaambie sisi ni mfano. Waambie ulikosa maji ya kunawa."

Msaidizi akafika mbio na chupa ya maji, anahema. Mheshimiwa akaipokea, akafungua, akainamisha kidogo, halafu akamwona Mama. Mama hakuwa anamwangalia yeye, alikuwa anaangalia chupa. Hakukusudia, naapa, macho yalikwenda yenyewe.

Mheshimiwa akafunga kifuniko. Akampa Mama ile chupa kwa mikono miwili, ikiwa na alama za tope. Akaomba karatasi yao ya orodha ya sehemu za kupelekewa tingatinga, akaandika kitu, alama za vidole vyake zikabaki kwenye karatasi. Akaondoka na mikono michafu vilevile. Hakusema tena neno resilience. Nilimwona akipanda gari akiwa ameinua mikono ili asiguse kiti.

Mama alikunywa nusu. Nusu nyingine aliimimina kwenye kiganja akanawa uso, polepole, nyuma ya masikio na shingoni. Akasema, "Haya, nimeoga."

Nilicheka, halafu nikajikuta nageuka upande nilie kidogo. Mtu wa mapambo, silangani, na machozi. Mbwa aliniona.

Matokeo yake?

Nyasi ziliisha jioni ileile, ng'ombe walimaliza mpaka mizizi. Yule mtu wa Nairobi hakupiga simu. Bi Saumu alinipa sahani ya pilau bila kusema lolote, na kutosema kwake kuliniuma kuliko maneno. Mawe ya chokaa bado yapo, meupe kabisa, yanaelekeza watu mahali pasipo na kitu.

Na tingatinga lilikuja. Wiki kadhaa baadaye, kweli lilikuja. Likachimba siku nne, ukuta ukajengwa upya, mrefu na mpana kuliko wa zamani. Tulishangilia, na safari hii tulijua tunashangilia nini.

Silanga letu sasa ni zuri sana. Ni refu, limenyooka. Na ni kavu.

Kwa sababu wakuu, tingatinga halibebi mvua. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema Mama. Shimo tunaweza kuchimbiwa. Tukibanwa sana tutachimba wenyewe kwa majembe. Lakini mvua irudi kuwa na adabu, hiyo si kazi ya naibu wa chifu, wala ya maboma thelathini ya Mbololo na mitungi yao. Hiyo ni kazi ya wenye kiti na maiki kwenye mikutano ya dunia, wanaoweza kuwakazia macho wenye viwanda, kupitisha sheria na kuweka bajeti kabla ya ng'ombe kufa, si baada. Tukiwaruhusu watupongeze kwa kuvumilia, watatuachia tuvumilie.

Na sisi tuna deni letu. Mimi niliwasaidia wasione. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa na fremu na pini zangu. Najua sehemu nyingi mnafanya hivyohivyo, msijifanye ni mimi peke yangu. Kiongozi akija hospitali inapakwa rangi, akija shule madawati yanaazimwa. Halafu tunashangaa anaondoka akisema mambo ni shwari.

Mama bado hajahama. Ng'ombe bado ni wanne. Kila jioni anatembea mpaka kwenye ukuta mpya, anaangalia juu, anarudi. Amesema atasubiri msimu huu mmoja.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Asubuhi naibu wa chifu amenipigia simu. Mkubwa mwingine anakuja mwezi ujao, mkubwa kuliko yule, kuangalia mambo hayahaya ya tabianchi. Anataka hema tatu, kapeti jekundu, na akauliza kwa sauti ya chini kama zile nyasi zinapatikana tena.

Mama yuko hapa Voi kwangu leo, nikampa simu waongee wenyewe. Sikusikia upande wa pili, ila mazungumzo yalikuwa mafupi. Mama alipomaliza akanipa oda yake: kiti kimoja. Hakuna hema. Kiwekwe katikati ya silanga, saa saba mchana, na mgeni akae hapo dakika zake arobaini.

Kwa hiyo wakuu, karibuni. Wa Mwatate, wa Taveta, wa Kitui, wa kokote, semeni ukweli: kwenu kiongozi akija mnaficha nini? Na kama wewe ndiye kiongozi na unasoma hapa kimyakimya, wewe hasa ndiye nataka komenti yako.

Mimi naenda kupakia kile kiti, Mama anataka kurudi nacho leo. Nilikuwa nimeshaanza kukifuta, Mama akaninyang'anya kitambaa. Amesema vumbi lake nisiliguse.